Mlango wa Uani: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa,
Bunge la Taifa,
Nairobi.

MINT: VAT KWENYE KAZI ZA KIFEDHA AMBAZO SACCO NDOGO HUZIKABIDHI KAMPUNI ZA NJE

Waheshimiwa,

Mimi ni mweka hazina wa sacco ndogo katika Kaunti ya Kilifi. Wanachama wetu ni walimu wa shule za msingi, wavuvi, waendeshaji wa bodaboda, na akina mama wanaouza samaki, mabuyu na viazi vya karai. Afisi yetu ina vyumba viwili. Hatuna idara ya kompyuta, wala hatuna uwezo wa kuajiri mtaalamu mmoja wa kukesha na mitambo. Kwa hiyo tumefanya linalofanywa na sacco nyingi za kiasi chetu: tumeikabidhi kampuni ya nje kazi ya kuendesha akaunti za wanachama. Mchango wa mwanachama unapoingia kwa simu, kampuni hiyo ndiyo inayouingiza kwenye akaunti yake. Ndiyo inayopiga hesabu ya riba, inayokata rejesho la mkopo, na inayompelekea mwanachama ujumbe kwamba pesa zake zimefika.

Kila mwisho wa mwezi tunaletewa ankara. Kazi: shilingi 150,000. Chini yake kuna mstari mwingine: VAT asilimia 16, shilingi 24,000. Jumla shilingi 174,000. Mstari huo wa pili ndio ulionifanya niandike barua hii. Kwa mwaka unafika shilingi 288,000. Mkopo wetu wa dharura, ule wa kumpeleka mtoto hospitali au kununua wavu uliochanika, ni shilingi 20,000. Mstari mmoja wa ankara unameza mikopo 14 ya namna hiyo kila mwaka, na bado masalio yanabaki.

Jumamosi moja, mapema mwaka huu, mama mmoja muuza samaki alikuja dirishani moja kwa moja kutoka sokoni. Aliniwekea kijitabu chake cha akiba juu ya meza. Magamba mawili ya samaki yalikuwa yamegandia kwenye jalada. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona ada imepanda na faida ya mwaka imeteremka? Si mlituambia akiba haitozwi VAT?" Nikamjibu, "Ni kweli mama, akiba yako haitozwi." Akaniangalia, akanyamaza, akasubiri. Nilijua nimesema kweli ya sheria, na nilijua pia kwamba sijamjibu. Nimewiwa jibu tangu siku ile, na nikaona wanaoweza kulitoa ni ninyi.

Waheshimiwa, nianze kwa kushukuru. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja mbele yenu, ulitaka huduma kadhaa za kifedha zitolewe kwenye orodha ya zisizotozwa VAT. Wananchi walileta maoni, mkayasikiliza, na mwezi Juni kamati ikatangaza kwamba pendekezo hilo limeondolewa, hata kabla ya mswada wote kukataliwa kutiwa sahihi. Mlielewa kwamba kutoza VAT huduma ya benki ni kumtoza mtu kwa kuweka akiba na kwa kutuma pesa nyumbani. Ninachokuja kuwaambia ni kwamba mlango wa mbele mliufunga vizuri, lakini mlango wa uani uko wazi tangu zamani, na ushuru uleule unapita humo kila mwezi.

Naomba nieleze unavyopita, kwa sababu hata maafisa wenzangu wengi hawajaliona jambo hili kwa ukamilifu.

Sheria ya VAT ya 2013 ina Jedwali la Kwanza, na humo zimeorodheshwa huduma za kifedha zisizotozwa: kuendesha akaunti za akiba, kutuma na kupokea pesa, kutoa mikopo, kushughulikia hundi, na nyinginezo. Kwa sikio la kawaida, kutotozwa ni neema tupu. Lakini kwa mweka hazina neema hiyo ina mwiba. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anapolipa VAT kwa wanaomuuzia saruji, huidai kupitia VAT anayowatoza wateja wake, na mwisho wa mwezi hupeleka tofauti kwa Mamlaka ya Ushuru. Kwake VAT hupita tu mkononi. Sisi hatumtozi mwanachama VAT, kwa hiyo hatuna pa kuidai ile tuliyolipa. Inakwama kwetu na kugeuka gharama. Kisha, kwa kuwa sacco haina mfuko mwingine isipokuwa mifuko ya wanachama wake, gharama hiyo inamfikia mama wa samaki katika ada iliyopanda na faida iliyoteremka. Haimo kwenye risiti yake wala kwenye kijitabu chake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kimejificha hasa ndani ya nguo.

Sasa linganisheni nasi benki kubwa yenye jengo lake mjini. Kazi ileile ya kuingiza michango na kupiga hesabu za riba hufanywa na wafanyakazi wake wenyewe. Benki hiyo nayo hulipa VAT ya kompyuta na samani bila kuidai, na ni haki niliseme hilo. Lakini gharama kubwa ya kazi hii ni watu, na mshahara hautozwi VAT. Anayeingiza hesabu akiwa mwajiriwa wa benki, kazi yake haina VAT. Mwenzake aliyesoma naye darasa moja akiwa ameajiriwa na kampuni inayotuhudumia, jasho lake linaongezewa asilimia 16 kabla halijafika kwetu. Kilichobadilika ni nani anayemlipa mshahara tu. Na ni chama gani kinacholazimika kuajiri kampuni ya nje? Ni kile kisichoweza kujenga idara yake. Ushuru huu basi humwangukia mdogo kwa sababu ya udogo wake.

Juu ya hilo kuna tabaka jingine. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 kwenye ada za kutuma pesa kupitia benki na kwa simu. Taasisi inapopanga ada yake ya kutuma pesa, hupiga hesabu ya gharama zote, pamoja na ile VAT iliyokwama. Kisha asilimia 15 inapigwa juu ya ada hiyo. Mwananchi anatozwa ushuru juu ya ushuru, na wa kwanza haujui.

Mtaniambia kwamba Jedwali la Kwanza limeliona jambo hili. Ni kweli, limeliona kwa jicho moja. Mwishoni mwa orodha ya huduma za kifedha kuna kipengele kinachosema kwamba kutoa huduma hizo kwa niaba ya mwingine kwa malipo ya kamisheni pia hakutozwi. Kipengele hicho ni kizuri. Ndicho kinachomkinga wakala wa benki kule kijijini anayepokea amana dukani kwake. Lakini kimefungwa na neno moja: kamisheni. Kampuni inayofanya kazi ya kifedha kwa niaba yetu na kulipwa kiasi maalumu kila mwezi inabaki nje ya neno hilo, hata kama kazi yake inagusa akaunti ya mwanachama kwa undani kuliko kazi ya wakala. Chama kidogo hupenda malipo ya mwezi kwa sababu yanatabirika na yanaingia kwenye bajeti. Kwa hiyo busara yetu ya kupanga matumizi ndiyo inayotutoa kwenye kinga.

Jedwali hilohilo linasema wazi ni kazi zipi hazikingwi: kusafirisha pesa taslimu, kujaza mashine za kutolea pesa, kupanga na kuhesabu noti, na kuuza mashine zenyewe pamoja na programu zake. Sitabishana na mstari huo wote. Gari la pesa ni gari, na askari wake ni askari. Ninachobishania ni kazi iliyo moyo wa huduma yenyewe, kazi ambayo ikikosekana, mwanachama hana akaunti.

Waheshimiwa, swali hili si letu peke yetu, na wengine wamelipigania mahakamani miaka mingi. Kesi inayotajwa zaidi ilitoka Denmark. Huko kulikuwa na chama kilichoitwa Sparekassernes Datacenter, ambacho wanachama wake wengi walikuwa benki za akiba, ndugu wa mbali wa sacco zetu. Waliamua kutonunua kila mmoja mitambo yake, wakaanzisha kituo kimoja cha kompyuta cha kuwafanyia wote kazi ya kuhamisha pesa na kushughulikia amana na mikopo. Mamlaka ya kodi ikasema kituo kitoze VAT. Tarehe 5 Juni 1997 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikatoa uamuzi wake. Ilisema hoja si nani anayefanya kazi wala kama inafanywa kwa kompyuta, bali ni aina ya kazi yenyewe. Kazi iliyokabidhiwa mtu wa nje inaweza kukingwa ikiwa ni kitu kizima kinachojitegemea na kinatimiza sehemu maalumu na ya lazima ya huduma ya kifedha, kama vile kuhamisha pesa na kubadilisha haki za wahusika. Kumpa mtu mtambo tu autumie ni msaada wa kiufundi, na huo hutozwa.

Nauona mstari huo kuwa wa haki. Lakini nawaonya pia kuhusu yaliyofuata, kwa sababu ndiyo sababu ya kuja kwenu badala ya kwenda kortini. Mahakama za Ulaya zimekuwa zikiubana mstari huo kesi baada ya kesi. Tarehe 11 Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya Target Group, ambayo iliendesha akaunti za mikopo kwa niaba ya Shawbrook Bank. Kampuni hiyo ilisimamia mikopo hiyo tangu akaunti inafunguliwa mpaka inafungwa, ikapokea na kuingiza marejesho. Hata hivyo ilishindwa, na kazi yake ikabaki na VAT ya asilimia 20. Tume ya Ulaya nayo ilijaribu kuandika upya tafsiri ya huduma za kifedha katika pendekezo la 2007, wakavutana kwa miaka, na pendekezo likaondolewa mwaka 2016. Hivyo tangu uamuzi wa Denmark, zaidi ya robo karne imepita huku mwenye benki na mtoza kodi wakibahatisha. Benki za huko zina mawakili wa kubahatisha nao. Sacco yangu ina mweka hazina, karani na keshia mmoja. Kwetu, sheria isiyoeleweka ni sawa na sheria inayotukataa.

Australia walishika njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyonipa tumaini. Walipoanzisha kodi yao ya bidhaa na huduma tarehe 1 Julai 2000, waliona mapema kwamba taasisi za fedha zitaanza kurundika kazi zote ndani ili kukwepa kodi isiyorudishwa, na kwamba ndogo zisizoweza kufanya hivyo zitaumia. Wakaandika orodha ya kazi zinazonunuliwa nje, na kwa kazi hizo taasisi huruhusiwa kudai asilimia 75 ya kodi iliyolipa. Kampuni inayotoa huduma inaendelea kutoza kama kawaida, na serikali inabaki na sehemu yake. Lakini uzito uliokuwa ukimwelemea asiye na idara yake umepunguzwa sana.

Baada ya maelezo hayo, naomba mambo matatu, na nimeyapanga kwa namna mnavyoweza kuyaandika ndani ya Mswada wa Fedha unaofuata.

La kwanza, lifungueni lile neno kamisheni. Kipengele kiseme kwamba kutoa huduma zilizoorodheshwa kwa niaba ya taasisi nyingine hakutozwi, malipo yawe ya kamisheni, ya mwezi, au ya kila muamala. Pimeni kazi, msipime namna ya kulipana. Na ili mlango usiachwe wazi kwa kila fundi wa kompyuta, andikeni mstari wa mpaka kwa Kiswahili na Kiingereza cha wazi: kazi ikingwe ikiwa inafungua, inabadilisha au inafunga haki ya mwanachama katika akaunti au mkopo. Kukodisha mtambo, kulinda jengo na kusafirisha noti kubaki palepale.

La pili, kingeni vituo vya pamoja. Sacco kadhaa zikiungana na kumiliki kituo kimoja cha kuendesha akaunti zao, na kituo hicho kikawatoza wenyewe gharama halisi bila faida, hapo hakuna biashara mpya iliyozaliwa. Ni sawa na majirani waliochimba kisima kimoja. Sheria ya leo inatoza kila ndoo tunayoteka kutoka kisima chetu wenyewe, na kwa kufanya hivyo inatuvunja moyo wa kuungana, wakati ambapo kuungana ndiyo njia pekee ya sacco ndogo kupata mifumo salama inayokidhi masharti ya Mamlaka ya Kusimamia Sacco, SASRA.

La tatu, kwa kazi zitakazobaki nje ya mpaka huo, fikirieni kuturudishia sehemu ya VAT kama walivyofanya Australia. Lipo jambo la kiufundi ambalo ni lazima niwaeleze kwa uaminifu. Mkimwondolea VAT mtoa huduma wetu bila kitu kingine, naye atakoma kudai VAT anayolipa kwa vifaa vyake, na sehemu ya gharama hiyo atatubebesha katika bei. Bado tutapata nafuu, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei ni mishahara, lakini haitakuwa asilimia 16 nzima. Njia ya kurudishiwa sehemu haina kasoro hiyo. Inaweza kuanza na taasisi ndogo, kwa kiwango ambacho hazina ya taifa inakimudu, kisha ikapimwa baada ya miaka miwili. Sisi tuko tayari kufungua vitabu vyetu kwa kipimo hicho.

Najua Hazina ya Kitaifa itauliza: pengo hili litazibwa na nini? Ni swali la halali, na sitaki kulikimbia. Nchi ina madeni, na barabara na dawa zinahitaji pesa. Lakini angalieni ushuru huu unavyokusanywa. Benki inayoweza kuufanya usilipwe, kwa kuchukua kazi ndani, huufanya usilipwe. Unaobaki kulipwa unatoka kwa wasioweza. Ibara ya 201 ya Katiba inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Mzigo unaopungua kadiri taasisi inavyokua, na kuongezeka kadiri inavyokuwa ndogo, hauwezi kuitwa mgawo wa haki kwa maana yoyote niijuayo.

Na kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye makadirio ya bajeti. Sacco inayoona kazi ya nje ni ghali hurudi kwenye daftari na kalamu, au hununua programu ya bei rahisi isiyo na ulinzi, na mtu mmoja anabaki na funguo zote. Sote tumeona katika nchi hii akiba za wanachama zikiyeyuka mikononi mwa wachache kwa sababu hapakuwa na jicho la pili. Kampuni ya nje inayoendesha akaunti ni jicho la pili. Mimi mwenyewe siwezi kubadilisha salio la mwanachama usiku bila kuacha alama kwenye mfumo ambao si wangu, na ninafurahi kwamba siwezi. Tunapotoza kazi hiyo, tunauza ulinzi huo kwa bei ya juu kwa wale wanaouhitaji zaidi.

Waheshimiwa, sheria inataka Mswada wa Fedha ufikishwe Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na upitishwe kabla ya tarehe 30 Juni. Kati ya tarehe hizo mtaketi kusikiliza maoni ya umma. Mabenki yatakuja na vitabu vyenye jalada gumu, na ni haki yao. Naomba siku moja kati ya hizo mketi nje ya Nairobi, mahali ambapo sacco ndogo zinaweza kufika kwa matatu na kurudi jioni. Mkija Kilifi, nitawaletea ankara za miezi 12 zilivyo, na vitabu vya mapato, na mtajionea wenyewe mahali mstari ule wa pili unapotoka katika ankara na kuingia katika ada ya mwanachama. Safari yake ni ya kurasa tatu tu.

Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba, na sacco yetu ilianzishwa juu ya maneno hayo na watu waliochanga shilingi hamsini hamsini chini ya mwembe. Wao wanaendelea kutia haba zao kila wiki. Kibaba kina tundu upande wa chini, na tundu hilo limo ndani ya sheria, mahali ambapo mkono wangu haufiki lakini wenu unafika.

Mama wa samaki bado huja Jumamosi. Huweka akiba yake, hutia sahihi yake taratibu, na hajaniuliza tena. Lakini mimi bado nimewiwa lile jibu, na ningependa siku moja nimfungulie kijitabu chake, nimwoneshe ada iliyoshuka, na nimwambie imeshuka kwa sababu Bunge lilisikia.

Wenu mtiifu,

Mweka hazina wa sacco ndogo,
Kaunti ya Kilifi.